Uchungu wa Aina Mbili: Mwongozo Kamili wa Kuonja Stauti Kali Yenye Hopsi Nyingi

Watu wengi niliokaa nao meza moja wakinywa Guinness huipa sifa moja tu: "Ni chungu." Ukiwauliza chungu namna gani, wanacheka. Chungu ni chungu, kaka. Lakini shubiri ni chungu, kahawa ya kijiweni ni chungu, ganda la danzi ni chungu, na ukoko ulioungua nao ni chungu, wala hakuna atakayekuambia kwamba vyote hivyo vina ladha moja.

Stauti, yaani bia nyeusi, ikiwa kali na imetiwa hopsi nyingi, hubeba uchungu wa aina mbili kwa mkupuo mmoja. Wa kwanza hutoka kwenye nafaka iliyokaangwa mpaka ikawa nyeusi. Wa pili hutoka kwenye ua la hopsi, mmea unaotiwa kwenye bia. Ukishaweza kuutenga huu na ule ukiwa mdomoni, utamu, uchachu, joto la kileo na harufu za matunda huanza kujitokeza vyenyewe, kwa sababu hakuna tena kitu kinachovifunika. Kazi ya mwongozo huu ni hiyo ya kutenga. Unahitaji jioni moja, chupa mbili au tatu, na vitu vichache vya jikoni. Asiyekunywa kwa ajili ya dini au kwa hiari yake anaweza kuishia hatua ya kwanza, ambayo haina hata tone la pombe, na bado akajifunza jambo.

Uchague bia ipi

Mfano wangu mkuu ni Guinness Foreign Extra Stout, kwa sababu Afrika Mashariki ndiyo stauti kali iliyo rahisi kupatikana. Usiichanganye na Guinness ya bomba, ile yenye povu zito kama krimu ambayo waliofika Dublin au London hurudi wakiisimulia. Ile ina kileo cha asilimia 4.2, husukumwa kwa gesi ya naitrojeni, na ni laini sana. Hii ya chupa ni kitu kingine kabisa. Ireland huuzwa ikiwa na asilimia 7.5, Kenya 6.5. Soma lebo ya chupa uliyoishika, maana kiwango hubadilika nchi hadi nchi.

Ukali huo una chanzo chake. Mwaka 1801, kiwanda cha Guinness pale St. James's Gate, Dublin, kiliandika maelekezo ya bia iliyoitwa West India Porter, iliyokusudiwa kuvuka bahari hadi visiwa vya Karibi. Pipa lilikaa melini wiki nyingi, likielekea kwenye joto. Kinga zilikuwa mbili: kuongeza kileo na kuongeza hopsi. Hopsi haitiwi kwa ajili ya ladha peke yake, kwani asidi zake huwazuia bakteria wanaochachusha bia, jamaa wa wale wanaogandisha mtindi. Kwa hiyo uchungu unaokukunja uso leo baa ya Sinza au ya Kisumu ulianza kama dawa ya kuzuia mzigo usiharibike njiani. Foreign Extra Stout ni mjukuu wa bia hiyo ya melini.

Kuna jambo jingine ambalo wanywaji wachache hulijua. Katika nchi nyingi zinazoitengeneza nje ya Ireland, kiwanda cha huko hupokea kiini kizito, cheusi na kichungu kutoka Dublin, kisha hukichanganya na bia nyeupe iliyopikwa palepale kwa nafaka za palepale. Nigeria hutumia mtama. Ndiyo maana Guinness ya Lagos, ya Nairobi na ya Dublin si mapacha. Ni ndugu wa baba mmoja, mama mbalimbali.

Ukiwa Ulaya au Amerika Kaskazini, uwanja wako ni mpana zaidi, na ningekushauri utafute aina mbili. Ya kwanza ni stauti ya kifalme (imperial stout). Jina hilo lilitokana na bia nzito ambazo kiwanda cha Thrale cha Southwark, London, kilikuwa kikizipeleka Urusi, hadi mezani kwa malkia Catherine, mwishoni mwa karne ya 18. Siku hizi Wamarekani ndio wanaozitia hopsi bila huruma. Old Rasputin ya kiwanda cha North Coast, Fort Bragg, California, yenye kileo cha asilimia 9, ni mfano mzuri na hauhitaji kuuza shamba. Aina ya pili ni IPA nyeusi. IPA ni kifupi cha India Pale Ale, bia ya rangi ya dhahabu yenye hopsi nyingi; hii nayo ni bia ya hopsi hasa, ila imevaa kanzu nyeusi. Mojawapo ya IPA nyeusi za mwanzo ilipikwa Burlington, Vermont, katika miaka ya 1990, kwenye baa ya Greg Noonan iliyojipikia bia yake yenyewe.

Utakutana na kipimo kinachoitwa IBU. Hicho huhesabu ni miligramu ngapi za asidi chungu za hopsi zimo katika lita moja ya bia. BJCP, chama cha Marekani kinachofunza waamuzi wa bia, huiwekea laga ya kawaida ya Kimarekani 8 hadi 18, stauti ya aina ya Foreign Extra 50 hadi 70, stauti ya kifalme na IPA nyeusi 50 hadi 90. Usiiamini namba hiyo peke yake. Haihesabu uchungu wa nafaka iliyoungua, wala haikuambii kuna utamu kiasi gani wa kuuficha. Stauti nzito ya IBU 75 inaweza kukuonea huruma kuliko IPA nyeusi ya 60.

Hatua ya kwanza: funza ulimi kabla ya kufungua chupa

Watu huiruka hatua hii, kisha wanalalamika kwamba wanaoongea habari za "ndimu na chokoleti" kwenye bia wanajidai. Hawajidai. Walishaonja ndimu na chokoleti kwa makini kabla ya kuja kuzitafuta kwenye glasi.

Andaa vitu vinne. Kikombe kidogo cha kahawa chungu, nzito, bila sukari, kama ile ya mabirika ya shaba Zanzibar na Lamu. Kipande cha mkate uliouchoma hadi ukingo wake ukawa mweusi. Ganda la danzi, na kama huna, ganda la balungi pamoja na ile nyama yake nyeupe. Na chai ya rangi iliyoachwa na majani yake kwa nusu saa mpaka ikapoa na kuwa kali isiyonyweka.

Anza na kahawa. Piga funda, zungusha, meza. Angalia uchungu unafika lini na unaondoka lini. Kwangu mimi hufika mapema, huambatana na harufu ya moshi na uchachu kidogo, kisha hukauka. Tafuna ukingo mweusi wa mkate. Ni uchungu wa ukoo uleule, ila una jivu ndani yake. Huo ndio uchungu wa moto.

Sukutua kwa maji, subiri dakika mbili, kisha tafuna ganda la danzi. Mwanzoni unapata harufu, karibu utamu, na mafuta yake yanapanda puani. Uchungu wenyewe huja nyuma, unatanda, na unakataa kuondoka. Unaweza kumeza mate mara tano na bado upo, umekaa mwisho wa ulimi na kooni. Huo ndio uchungu wa mmea, nao ndio unaokaribiana na wa hopsi. Waliokunywa mwarobaini utotoni wanaujua ung'ang'anizi huu bila kufundishwa.

Chai iliyokaa ni ya mwisho, nayo hutuonyesha kitu ambacho si uchungu: ukakasi. Ni kile kinachofanya mashavu yajivute ndani na ulimi uwe kama umepakwa vumbi, sawasawa na kuuma ndizi mbichi. Wengi wanaosema stauti fulani ni chungu mno, wanachokisikia ni ukakasi. Kiswahili kilishatupa neno, na ni ajabu kwamba tunalitumia kwa ndizi tu.

Nyeusi hii inatoka wapi

Kabla ya kuendelea, elewa kilichomo glasini, maana pua hutafuta vizuri inapojua inachotafuta.

Bia yoyote huanzia kwenye kimea: shayiri iliyoloweshwa, ikachipua, kisha ikakaushwa. Kikikaushwa taratibu hutoa bia ya rangi ya dhahabu. Mwaka 1817, Mwingereza Daniel Wheeler alipata hataza ya pipa la chuma linalozunguka, lililomwezesha kukaanga kimea kwa joto la zaidi ya nyuzi 200 bila kukiteketeza, kwa mtindo wa kukaanga kahawa. Tangu hapo mpishi wa bia hahitaji kukausha kimea chote hadi kigeuke kahawia. Anatumia kimea cheupe kwa wingi, na kama sehemu moja kwa kumi ya nafaka nyeusi, basi pipa zima linageuka usiku. Guinness hutumia shayiri iliyokaangwa bila kuchipuzwa kwanza, na wengi huiona hiyo kuwa asili ya ule ukavu wa kahawa unaoifanya itambulike hata gizani.

Hopsi ni mmea unaopanda kwenye kamba kama maharage, na bia hutumia maua ya mmea jike. Ndani ya ua kuna unga wa manjano unaonata, lupulini. Humo mna asidi zinazoleta uchungu na mafuta yanayoleta harufu. Siri yote ya mpishi ni saa. Asidi hizo haziingii vizuri kwenye bia mpaka zichemshwe muda mrefu, dakika 60 hadi 90, lakini mafuta ya harufu hupeperuka na mvuke katika dakika chache tu. Akitia hopsi mwanzoni mwa kuchemsha anapata uchungu, akitia mwishoni au baada ya bia kupoa anapata harufu. Foreign Extra Stout ni ya mtindo wa kwanza, uchungu mwingi na harufu kidogo ya hopsi. IPA nyeusi ni ya mitindo yote miwili. Ukilijua hili, hutailaumu Guinness kwa kukosa harufu ya balungi ambayo haikukusudiwa kuwa nayo.

Asili ya hopsi nayo huonekana. Zile za jadi za Uingereza, kama Fuggle na Goldings za Kent, hutoa harufu ya majani makavu, udongo na viungo vya chai. Za Marekani, kama Cascade iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1972, na Chinook na Centennial zilizofuata, hutoa balungi, msonobari na utomvu.

Hatua ya pili: ya moto au ya baridi?

Swali hili la mhudumu wa baa ni la kitaalamu kuliko anavyojua. Baridi kali hufunga harufu, hufisha utamu, na kuacha uchungu na ukakasi peke yao mezani. Anayeagiza ya baridi sana kisha akalalamika kwamba ni chungu amejitakia. Kuna mhudumu mmoja aliyewahi kuniletea stauti ikiwa na vipande vya barafu ndani ya glasi, kwa nia njema kabisa. Niliinywa kwa adabu, lakini ilikuwa maji ya mkaa.

Upande wa pili, mzee anayesisitiza "niletee ya moto" yuko karibu na ukweli kuliko vijana wanaomcheka, mradi yuko Arusha, Iringa au Nairobi mwezi wa saba. Dar es Salaam au Mombasa, ambako chumba kina nyuzi 30, ya moto ni moto kweli, na kileo kinafunika kila kitu.

Unachokitaka ni nyuzi 10 hadi 13. Chupa iliyolala kwenye friji iweke mezani kama dakika 20 ukiwa pwani, na nusu saa au zaidi ukiwa nyanda za juu. Bila kipimajoto, nenda na mkono: iwe baridi kuliko maji ya mtungini, lakini isiume meno. Usingoje ifike ndipo uanze. Anza ikiwa baridi kidogo na umalizie ikiwa imepata joto, na utaona bia moja ikibadilika sura mara tatu ndani ya nusu saa.

Hatua ya tatu: chupa na glasi

Chagua chupa ya kahawia, na angalia tarehe. Mwanga ukigusa asidi za hopsi huzivunja na kuzaa kemikali ya salfa yenye harufu ya kicheche. Bia yenye hopsi nyingi ina zaidi cha kuharibiwa. Kioo cha kahawia huzuia mwanga mwingi unaodhuru, cha kijani huzuia kidogo, cheupe hakizuii. Lakini kahawia haizuii joto. Kreti iliyoanikwa nje ya duka tangu asubuhi imeshazeeka miezi kadhaa kwa siku moja. Omba ya ndani, hata kama muuzaji atanuna.

Usinywee mdomoni mwa chupa. Najua ndivyo tunavyofanya, nami hufanya hivyo kwenye sherehe, lakini kule pua haihusiki na nusu ya bia inapotea. Glasi ya mvinyo inatosha kabisa: tumbo pana, mdomo uliojikunja. Ioshe, isuuze mpaka harufu ya sabuni iishe, kwani mabaki ya sabuni na mafuta huua povu. Inamishe, mimina taratibu ukutani mwake hadi nusu, kisha isimamishe na umimine katikati hadi povu lipande vidole viwili. Ijaze theluthi mbili tu. Nafasi iliyobaki ni ya harufu.

Hatua ya nne: macho

Hii ni fupi. Povu la stauti huwa la rangi ya kahawa ya maziwa, si jeupe. Washa tochi ya simu nyuma ya glasi na utaona kwamba nyeusi si nyeusi: pembeni kuna wekundu wa damu ya mzee. Stauti za kifalme zilizo nzito hazipitishi hata tochi. Rangi haisemi lolote kuhusu kileo. Bia nyeusi kuwa na nguvu zaidi kwa sababu ni nyeusi ni hadithi ya vijiweni, na Guinness ya bomba ya asilimia 4.2 ni nyepesi kuliko laga nyingi.

Hatua ya tano: pua

Zungusha glasi mara mbili, vuta pumzi fupifupi mbili, kisha ondoa pua. Usikae hapo ukinusa dakika nzima, kwani pua huchoka upesi kuliko miguu.

Mvuto wa kwanza mpe moto: kahawa, kakao, mkate uliokolea, moshi wa mbali. Wa pili mpe sukari: sukari guru, tende, zabibu kavu, asali nyeusi. Harufu hizi za matunda makavu huzalishwa zaidi na hamira na vimea vya rangi ya kati, nazo huongezeka kadiri bia inavyokuwa na nguvu. Wa tatu mpe hopsi. Kwenye Foreign Extra utapata kidogo, kama majani makavu au mti. Kwenye IPA nyeusi au stauti ya Kimarekani, harufu hii itakuja yenyewe kukulaki: ganda la balungi, na chini yake utomvu. Hapo tuna faida ambayo wanaoandika maelezo ya bia huko ng'ambo hawana, kwa sababu wao husema "msonobari" na kuishia hapo. Mimi nilipoonja IPA nyeusi kwa mara ya kwanza, nilisikia chetezo, ubani uliowekwa juu ya kaa la moto, utomvu na moshi kwa pamoja. Tangu siku hiyo sijapata maelezo bora ya mchanganyiko wa hopsi na kimea cheusi.

Hatua ya sita: mdomo

Piga funda la kadiri, si la kuonja dawa wala la kukata kiu. Lizungushe lifike kila mahali. Ile picha ya shuleni inayoonyesha utamu ncha ya ulimi na uchungu nyuma si ya kweli, maana kila sehemu yenye vionjeo husikia ladha zote. Kinachotofautiana ni wakati, nao ndio utakaoufuata.

Sekunde ya kwanza na ya pili ni za utamu na uzito. Je, inateleza kama uji mwepesi au inapita kama maji? Mara baada ya hapo unaingia uchungu wa moto, ukiwa na kahawa yake na uchachu wake. Nafaka iliyokaangwa ina asidi, na uchachu mdogo ni haki yake. Sasa meza, funga mdomo, toa pumzi kwa puani. Hapa harufu hurudi kutokea nyuma ya koo, na mara nyingi ndipo chokoleti huonekana kwa mara ya kwanza.

Halafu usifanye kitu. Weka glasi chini na uhesabu hadi 30. Uchungu wa moto utapungua na kukauka, na chini yake utaona mwingine uliokuwa umejificha ukiinuka, msafi zaidi, bila jivu, ukitanda nyuma ya ulimi kama lile ganda la danzi. Karibu: hiyo ni hopsi. Wengi hawajawahi kukutana nayo kwa sababu hupiga funda la pili kabla haijafika.

Kama bado zinakuchanganya, kuna hila moja. Chukua karanga za kukaanga zenye chumvi. Piga funda, meza, tafuna karanga chache, kisha piga funda jingine. Chumvi hufifisha uchungu, na funda la pili litakuwa tamu na la kichokoleti kuliko la kwanza. Funda la tatu, chumvi ikiwa imeondoka, uchungu unarudi, na safari hii unauona ukirudi kwa awamu, moto kwanza, hopsi nyuma. Karanga za baa hazikuwekwa pale kwa bahati mbaya.

Mwisho pima joto la kileo. Linatakiwa liwe kama tangawizi ya mbali kifuani. Likichoma kama gongo, ama bia ni ya moto mno ama imepikwa vibaya.

Hatua ya saba: weka mbili ubavuni

Bia moja haifundishi kama mbili. Ukiwa Tanzania, weka Castle Milk Stout kando ya Guinness. Stauti za maziwa hutiwa sukari ya maziwa ambayo hamira haiwezi kuila, hivyo hubaki kama utamu na uzito. Onja ya maziwa kwanza. Ukihamia Guinness utashtuka jinsi ilivyo kavu, na uchungu wake utasimama wima. Ukifanya kinyume, ile tamu itaonekana kama soda na utaidharau bila haki.

Mwenye IPA nyeusi aiweke kando ya stauti yoyote. Wapishi wa IPA nyeusi hutafuta rangi huku wakiukimbia uchungu wa kuungua. Hutumia kimea cheusi kilichomenywa maganda, au hukiloweka kwenye maji baridi badala ya ya moto. Matokeo yake ni bia ambayo macho yanasema kahawa na ulimi unasema chungwa. Fumba macho mtu akupe glasi bila kukwambia ni ipi. Ukiweza kuzitofautisha kwa zile sekunde 30 za mwisho tu, umefuzu.

Kuhusu kuchanganya Guinness na Coca-Cola, desturi iliyoenea kwetu: ni kinywaji halali na kina wapenzi wake, maana karameli na sukari humeza uchungu wa moto. Ila humeza na mengine. Fanya hivyo siku nyingine.

Mezani

Nyama choma ndiyo rafiki wa kwanza, hasa mbavu za mbuzi zenye mafuta na ukingo ulioungua kidogo. Moto hukutana na moto, na uchungu wa hopsi hukata mafuta. Kachumbari iwe ya limau kidogo, kwani uchachu juu ya uchachu wa stauti huchosha. Pilipili kali iache pembeni: hopsi nyingi na kileo kingi huichochea, na hutaonja tena chochote. Samaki wa kupaka anapatana nayo kuliko unavyodhani, kwa utamu wa tui. Baada ya chakula, kashata ya nazi au chokoleti nyeusi. Waingereza na Waayalandi huinywa stauti na chaza, na wenye chaza pwani wanaweza kujaribu, chumvi ya bahari ikifanya kazi ileile ya karanga.

Ukikuta kasoro

Harufu ya boksi lililolowana au karatasi kuukuu: bia imezeeka, hewa imeingia. Kwenye stauti nzito uzee hujificha na kuonekana kama mchuzi wa soya. Kidogo tu kinapendeza, kikizidi ni supu. Uchachu mkali wa maziwa yaliyolala: bakteria wameshinda hopsi. Harufu ya siagi: hamira haikumaliza kazi yake. Ukakasi unaobakia hata baada ya maji: mpishi alikamua maganda ya nafaka kupita kiasi. Hopsi ndiyo ya kwanza kufa, harufu yake kabla ya uchungu wake, kwa hiyo IPA nyeusi inywe ikiwa mpya. Stauti ya kifalme unaweza kuiweka kabatini mwaka au zaidi, mahali pa giza na ubaridi. Joto la pwani haliweki bia, linaipika.

Kiasi

Chupa ya nusu lita yenye asilimia 6.5 ina takriban gramu 26 za kileo halisi. Laga ya asilimia 5 ya ujazo huohuo ina kama 20. Mililita 330 za bia ya asilimia 9 ni 23. Kwa zoezi hili, watu watatu hugawana chupa mbili na kushiba. Funguo za gari na za pikipiki zikae kwa asiyeonja.

Hatua ya mwisho: andika palepale

Usingoje kesho. Daftari la shule linatosha, na maneno yako mwenyewe, ya jikoni kwenu, yana thamani kuliko ya kuazima. Nakuachia ukurasa mmoja wangu, ulivyo:

"Foreign Extra, chupa, dakika 25 nje ya friji. Povu rangi ya chai ya maziwa, limekaa. Pua: kahawa ya kijiweni, sukari guru, mbali kidogo kama ganda la mti. Mdomo: mwanzo mtamu kwa sekunde moja, halafu mkate ulioungua, uchachu kama wa ukwaju mwepesi. Nimehesabu hadi 30: jivu limeondoka kwenye 12, danzi limepanda kwenye 15, bado lipo. Ukakasi kidogo mashavuni. Baada ya karanga: kakao! Glasi ya pili sikuionja, niliinywa."